Mfungo wa Kwaresima Pembezoni mwa Dar es Salaam: Historia ya Sheria na Mlo

Kwaresima ni kipindi cha siku 40 za toba ambacho Wakatoliki hukitumia kujiandaa kwa sikukuu ya Pasaka, na kwa hesabu ya jadi huanza Jumatano ya Majivu na kuishia Jumamosi Kuu, bila kujumlisha Jumapili 6 zilizomo katikati, kwa kuwa kila Jumapili huadhimishwa kama kumbukumbu ya ufufuko. Ndani ya kipindi hicho sheria ya Kanisa hutenganisha matendo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: la kwanza ni kufunga, yaani kula mlo kamili mmoja tu kwa siku pamoja na vyakula kidogo mara mbili ambavyo hata vikiunganishwa havifikii mlo mmoja, la pili ni kujinyima nyama, yaani kutokula nyama ya mnyama wala ya ndege, ingawa samaki, mayai, maziwa na mafuta ya kuungia, hata yaliyotokana na mnyama, huruhusiwa. Historia ya matendo haya mawili katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni na Magomeni hadi Temeke na Mbagala, inaonyesha jinsi sheria iliyotungwa kwa meza za Ulaya ilivyopoteza uzito wake wa awali ilipofika pwani ya Afrika Mashariki, na jinsi waumini, wengi wao wahamiaji waliotoka bara, walivyoujenga mfungo upya kwa kufuata hali ya kipato chao, mfano wa majirani zao Waislamu na maisha ya jumuiya zao.

Asili ya mfungo huu ni ya kale sana. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulikwisha kutaja kipindi cha siku 40 kabla ya Pasaka kama jambo linalojulikana, na katika karne zilizofuata Kanisa la Magharibi liliongeza masharti hadi nyama, maziwa, siagi na mayai vyote vikakatazwa kwa muda wote wa Kwaresima. Wanateolojia wa Zama za Kati, akiwemo Thomas wa Akwino, walieleza kwamba nyama ya wanyama wa nchi kavu hukatazwa kwa sababu humpendeza mlaji na kuuchochea mwili kuliko samaki. Maelezo hayo yaliafikiana vizuri na uchumi wa Ulaya, ambako nyama ilikuwa alama ya sherehe na ukwasi, na samaki wa chumvi, waliosafirishwa kwa mapipa kutoka bahari za kaskazini, walikuwa mlo wa kujilazimisha. Sheria hiyo, kwa hiyo, ilidhani mambo mawili: kwamba muumini hula nyama mara kwa mara, na kwamba samaki ni badala duni ya nyama. Katika pwani ya Waswahili dhana zote mbili zilikuwa na walakini.

Ukatoliki wa kudumu katika pwani ya Tanzania Bara ulianzia Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kuweka makao Zanzibar, walifungua misheni mwaka 1868 na kuwapokea humo watu waliokombolewa utumwani. Dar es Salaam yenyewe ilifikiwa na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Bavaria, ambao mwaka 1888 walijenga kituo chao cha kwanza katika vilima vya Pugu, magharibi ya mji. Kituo hicho kiliteketezwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na wamisionari 3 wakauawa. Waliosalia walirejea baadaye na kuendeleza kazi mjini na katika viunga vyake, Kurasini ikiwa mojawapo, hadi kanisa la Mtakatifu Yosefu lilipokamilika kando ya bandari mwaka 1902. Watawa hawa walikuja na utaratibu wa mlo uliokuwa mkali kuliko sheria ya waumini wa kawaida, kwa kuwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 39, inawakataza watawa nyama ya wanyama wenye miguu minne isipokuwa kwa wagonjwa dhaifu, na katika sura ya 49 inamtaka kila mtawa ajiongezee katika Kwaresima kitu cha kumtolea Mungu kwa hiari, iwe ni kupunguza chakula, kinywaji, usingizi au maneno ya mzaha.

Eneo walilolikuta lilikuwa nchi ya Wazaramo, wakulima wa mpunga, mihogo na minazi, ambao kwa sehemu kubwa walielekea Uislamu katika kipindi kile kile ambacho wamisionari walikuwa wakijenga shule zao. Ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o, na kitoweo cha kila siku kilitoka baharini, mitoni au shambani: changu, kibua na taa waliovuliwa kwa ngalawa na mitumbwi, papa mkavu aliyeuzwa hadi vijiji vya ndani, kisamvu, na kunde zilizopikwa kwa tui la nazi. Kwa mtu wa pwani wa wakati huo, agizo la kuacha nyama siku ya Ijumaa na kula samaki badala yake halikumwondolea chochote mezani, kwani lilielezea mlo wake wa kawaida. Hata nyama ya ng'ombe na ya mbuzi ilipopatikana mjini, ilichinjwa na Mwislamu, desturi iliyokubaliwa na wenyeji wa dini zote ili kila mtu apate kula bila wasiwasi, na ambayo imeendelea katika machinjio na mabucha ya jiji hadi leo. Nyama, kwa hiyo, ilikuwa chini ya kanuni za Kiislamu kabla Kanisa halijaiwekea zake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa nchini, na eneo la Dar es Salaam likakabidhiwa kwa Wakapuchini wa Uswisi, tawi la familia ya Wafransisko, waliofika mwaka 1921. Wao pia walikuwa na historia ndefu ya mfungo, kwa maana Kanuni ya Mtakatifu Fransisko iliyothibitishwa mwaka 1223 inawaamuru ndugu wafunge kuanzia sikukuu ya Watakatifu Wote hadi Noeli, katika Kwaresima, na kila Ijumaa. Kwa upande wa waumini, sheria iliyotumika ilikuwa Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, ambao uliwafungisha watu wenye umri kati ya miaka 21 na 59 katika siku zote za juma za Kwaresima, na kuwakataza nyama wote waliotimiza miaka 7 katika Jumatano ya Majivu na katika Ijumaa na Jumamosi za kipindi hicho. Kwa maandishi hayo, Mkatoliki wa Dar es Salaam alibanwa sawasawa na Mkatoliki wa Roma.

Katika utekelezaji mambo yalikuwa tofauti. Maaskofu wa nchi za misheni walipewa na Roma mamlaka ya kulegeza masharti ya mfungo kulingana na hali ya mahali, na mafundisho ya maadili yaliyofundishwa seminarini yaliwaondolea wajibu wa kufunga wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, maskini wasio na uhakika wa mlo, na wafanyakazi wa kazi nzito. Mtu akiiangalia orodha hiyo na kuilinganisha na wakazi Waafrika wa Dar es Salaam wa miaka ya 1930 na 1940, ataona kwamba ilikuwa karibu sawa na sensa yao. Makuli wa bandarini, ambao migomo yao ya 1939, 1943 na 1947 ilitokana na mishahara isiyotosheleza kupanda kwa bei, walikuwa wakibeba magunia kutwa kwa mlo mmoja wa jioni, na wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula cha mji mzima kiligawiwa kwa mgao. Wakati huo huo Roma iliwaruhusu maaskofu kuwaondolea waumini wajibu wa mfungo, isipokuwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Katika mazingira hayo wajibu wa kisheria ulibaki kwa wachache wenye mishahara ya uhakika, kama makarani, walimu na wauguzi, na kwa waliobaki Kwaresima ilionekana zaidi katika sala, katika rangi ya zambarau ya mavazi ya padre, katika kunyamazishwa kwa Aleluya na katika kutofungwa kwa ndoa za sherehe.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na ukuaji wa mji. Baada ya vita serikali ya kikoloni ilipanga makazi mapya ya Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala, miongoni mwake yakiwa Magomeni upande wa barabara ya Morogoro na Temeke upande wa kusini, na pembeni ya makazi hayo yaliyopimwa vikazuka vitongoji vilivyojengwa na watu wenyewe. Idadi ya wakazi wa jiji, iliyozidi kidogo 270,000 katika sensa ya 1967, ilifika 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika ile ya 2022, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikaa pembezoni, hadi wilaya za Kinondoni na Temeke zikalazimika kumegwa ili kuzaa Ubungo na Kigamboni. Miongoni mwa wahamiaji walikuwemo maelfu ya watu waliotoka katika ngome za Ukatoliki: Wachaga wa Kilimanjaro, Wahaya wa Kagera, Waluguru wa Morogoro, Wapogoro wa Mahenge, Wangoni na Wamatengo wa Ruvuma, na watu wa Ndanda walioingia kwa barabara ya Kilwa na kutua Mbagala na Mtoni. Kanisa la Dar es Salaam, lililokuwa dogo katika mji wa Waislamu, likawa Kanisa la watu wa bara.

Wahamiaji hao walileta tabia nyingine za mlo. Kwa Mchaga, nyama na mbege ndivyo viini vya karamu, na kwa Mngoni au Mhaya samaki wa baharini alikuwa kitu kigeni. Kwa watu wa namna hiyo kuacha nyama kulianza kuwa na maana ya kujinyima kweli. Hata hivyo walikuta mjini kitoweo ambacho kiliwaunganisha wote, nacho ni dagaa, aliyekuwa akisafirishwa kutoka Ziwa Tanganyika kwa reli ya kati tangu ilipofika Kigoma mwaka 1914, na baadaye kutoka Ziwa Victoria kwa kupitia Mwanza, iliyounganishwa na reli hiyo mwaka 1928. Dagaa hahitaji jokofu, hupimwa kwa kopo au kwa fungu, na hutosheleza familia kubwa kwa pesa kidogo, na kwa sababu hiyo ndiye aliyekuwa samaki halisi wa Kwaresima katika nyumba za kupanga za Manzese na Tandika, pamoja na maharage, mchicha na tembele, kuliko changu wa bei kubwa aliyeuzwa katika soko la samaki la Feri.

Wakati vitongoji vikijaa, sheria yenyewe ilibadilishwa. Papa Paulo VI, kwa waraka wake uitwao Paenitemini wa tarehe 17 Februari 1966, alipunguza siku za kufunga hadi mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, akabakiza Ijumaa kuwa siku za kujinyima nyama, na akayapa mabaraza ya maaskofu ya kila nchi mamlaka ya kuruhusu matendo mengine ya toba na ya huruma yachukue nafasi ya mlo. Mkusanyo mpya wa Sheria za Kanisa wa 1983 ulithibitisha mpango huo: kujinyima nyama huwabana waliotimiza miaka 14, na kufunga huwabana waliotimiza miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60. Mfungo wa kabla ya komunyo nao, ambao zamani ulianza usiku wa manane, ulikwisha kufupishwa hadi saa 3 mwaka 1957 na hadi saa 1 mwaka 1964. Nchini Tanzania orodha ya amri za Kanisa ambayo watoto wa mafundisho huikariri imeufupisha wajibu huu zaidi, kwa kuhusisha kufunga na Jumatano ya Majivu na kuacha nyama na Ijumaa Kuu, na ndiyo maana Wakatoliki wengi wa Dar es Salaam huzijua siku mbili hizo vizuri kuliko kanuni inayohusu Ijumaa nyingine za mwaka.

Mtu angetarajia kwamba kulegezwa kwa sheria kungeudhoofisha mfungo, lakini miongo iliyofuata ilikuwa ya njaa, na njaa ililiuliza Kanisa swali tofauti. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, na hasa kati ya 1979 na 1985, Dar es Salaam ilipitia uhaba mkubwa wa bidhaa: sukari, mchele na sabuni vilipatikana kwa foleni, na familia zilisonga ugali wa unga wa yanga, yaani unga wa mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Mishahara ilipopoteza thamani, watumishi wa umma walianza kufuga nyuma ya nyumba zao, na mabanda ya kuku, ng'ombe wa maziwa na nguruwe yakaenea Kimara, Mbezi na Yombo. Ufugaji huo wa dharura ulizaa biashara mpya ya nyama, kwani nyama ya nguruwe iliyokaangwa, maarufu kwa jina la kitimoto, ilipata baa na vibanda vyake katika vitongoji vingi vya Kinondoni na Temeke, na kwa mara ya kwanza Mkatoliki wa kawaida wa pembezoni akawa na nyama ya karibu, isiyopitia kwa mchinjaji Mwislamu, na ambayo kuiacha kwa siku 40 kulionekana na kila aliyekaa naye meza moja.

Nyama hiyo hiyo iligeuka kuwa chanzo cha mgogoro. Aprili 1993 kundi la Waislamu wenye msimamo mkali lilivamia na kubomoa mabucha ya nguruwe jijini, tukio lililoitikisa nchi na kusababisha serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuwakamata waliohusishwa nalo. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimeanza pamoja mwishoni mwa Februari, na kwamba ugomvi haukuhusu nani afunge au afunge vipi, kwa kuwa juu ya jambo hilo watu wa dini mbili walielewana; ulihusu mahali pa kuuzia nyama ambayo kwa upande mmoja ni haramu daima na kwa upande mwingine ni halali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mabucha yalijengwa tena, na katika vitongoji vingi wauzaji wa kitimoto wakajitenga katika baa na vichochoro vinavyojulikana, mpangilio ambao umedumu bila sheria maalumu kuuamuru.

Uhusiano wa Ramadhani na Kwaresima una uzito wake katika historia hii. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa jua, mifungo hiyo miwili hukutana kwa miaka michache mfululizo na kisha kuachana kwa muda mrefu, na mzunguko hurudi kila baada ya miaka 32 au 33 hivi: ilianza kwa kupishana siku chache mwaka 1960, ikafanya hivyo tena 1993, na tena mwanzoni mwa Machi 2025. Katika nyumba za kupanga, ambako ua, choo na bomba la maji ni vya wapangaji wote, mfungo wa jirani hauwezi kuwa siri. Mkatoliki wa Mwananyamala au Keko amekua akiona watu wasioonja hata maji kutoka alfajiri hadi magharibi, na mbele ya kipimo hicho mfungo wa kisheria wa mlo mmoja na vyakula kidogo mara mbili huonekana kuwa mwepesi kupita kiasi. Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini Wakatoliki wengi wa jiji, bila kuamriwa na askofu yeyote, hufunga hadi jioni na kufungua kwa uji, chai au mihogo, na kwa nini mama lishe, awe wa dini yoyote, hupunguza sufuria ya mchana katika miezi hiyo. Sheria ilitoka Roma, lakini namna ya kuitimiza ilifundishwa na mtaa.

Chombo kilichoupa mfungo huu sura ya pamoja ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja nyumbani kwa zamu, ambavyo maaskofu wa Afrika Mashariki waliviweka kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Katika parokia za pembezoni, zenye waumini wengi kuliko padre awezavyo kuwafahamu kwa majina, jumuiya ndiyo hujua nani anaumwa, nani amefiwa na nani amekosa kodi ya nyumba. Kwaresima huzipa jumuiya hizo ratiba ya ziada: Njia ya Msalaba kila Ijumaa, tafakari ya ujumbe ambao Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, lenye makao yake Kurasini wilayani Temeke, huutoa kila mwaka, na ukusanyaji wa sadaka ya kile kilichookolewa kwa kufunga. Unga, mchele, sukari na sabuni hukusanywa na kupelekwa kwa wagonjwa, wazee na wafungwa, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hubebwa na WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa mwaka 1972. Ujumbe wa maaskofu nao umewahi kuvuka mipaka ya ibada, kama ule wa 2018 uliokemea kubanwa kwa shughuli za kisiasa na uhuru wa maoni, na hivyo kuwakumbusha wasomaji kwamba katika mapokeo ya manabii mfungo usioambatana na haki haukubaliki.

Hivi leo mchana wa Ijumaa Kuu, ambayo ni sikukuu ya taifa, wavuvi wa Kunduchi na wachuuzi wa Feri huuza samaki kwa wateja wasioonekana kwao siku nyingine, na vibua vya kukaanga na dagaa hupatikana katika kila kona ya Mbagala, wakati vibanda vingi vya kitimoto vimefunga au vimekosa wateja. Jumatano ya Majivu, kwa kuwa si siku ya mapumziko, huwaleta waumini kanisani alfajiri kabla ya kupanda daladala au jioni wakitoka kazini, na majivu wanayopakwa hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Pugu, mahali ambapo wamisionari wa kwanza waliuawa, pamekuwa kituo cha hija kinachopokea vikundi kutoka parokia za jiji zima.

Ukichukuliwa kwa jumla, ushahidi huu unapinga maelezo mawili yaliyozoeleka: lile linalodai kwamba mfungo wa Kikatoliki uliletwa na Wazungu na kubaki kama walivyouleta, na lile linalodai kwamba umekufa tangu Roma ilipoulegeza mwaka 1966. Katika vitongoji vya Dar es Salaam sheria ya nyama haikuwa na nguvu hata ilipokuwa kali, kwa sababu watu hawakuwa na nyama ya kuacha. Mfungo ulipata nguvu baada ya sheria kulegezwa, pale mhamiaji alipopata kipato cha kununua nyama, jirani wa kumtazama akifunga na jumuiya ya kupokea alichokiokoa. Anayetaka kuiandika historia ya Kanisa katika jiji hili hana budi kuitafuta katika nyumba za kupanga, masokoni na katika jumuiya, kwa kuwa kumbukumbu za maaskofu peke yake zitamwonyesha nusu tu ya mambo.